Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: hatua 12 kati ya geti na bomba

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam, na pole na majukumu. Mimi ni msoma mita za maji, mwaka wa 11 sasa. Kwa maneno mengine, kazi yangu ni kupiga hodi. Nyumba 60, siku nyingine 80, simu ya kazi mkono mmoja na kitambaa cha kufutia kioo cha mita mkono wa pili. Mbwa wa manispaa yako nawafahamu mmoja mmoja. Yupi anabweka tu kujifurahisha, yupi ananyata.

Aliyeniuma alikuwa wa kunyata.

Geti lilikuwa la bati, limetobolewa tundu la kupitisha mkono kufikia komeo. Juu yake kibao: MBWA MKARI, kwa R, rangi nyekundu iliyochuruzika. Nikapiga hodi mara tatu. Dada wa kazi akaitikia kutoka uani, "Karibu, pita tu, kafungwa." Nikapita. Kutoka getini hadi kwenye bomba lenye mita ni kama hatua 12. Mimi niliishia ya nane. Hakubweka. Kwanza nilihisi suruali inavutwa, kama mtoto anavyokuvuta akitaka hela ya ubuyu, kisha moto kwenye shavu la mguu.

Yule dada alikuja mbio na kipande cha sabuni ya mche. Nikauweka mguu chini ya bomba, nikaosha dakika 15 kwa saa ya simu, maana hilo ndilo jambo la kwanza kwa aliyeumwa na mbwa: sabuni na maji yanayotiririka, kabla hujawaza usafiri wa kwenda hospitali. Muda wote huo nilikuwa naitazama mita ikizunguka. Maji hayo aliyalipia mwenye nyumba, na ndiyo gharama pekee aliyoibeba katika mkasa huu.

Sindano za kinga ya kichaa cha mbwa nilijilipia. Ya kwanza siku ileile, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Cheti cha chanjo ya mbwa, mwenye nyumba alisema kipo, ila mke wake ndiye anayejua kilipo, na mke amesafiri. Mbwa anayeuma hutakiwa kuangaliwa siku 10, kwa sababu akiwa tayari anatoa virusi vya kichaa kwenye mate, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Hakuna aliyekuja kumwangalia, basi nikamwangalia mwenyewe: kila jioni napita pale getini, nachungulia kwenye lile tundu kuona kama bado anakula. Nilimwombea afya mbwa yule kuliko nilivyowahi kuombea mifugo yangu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikuandikie wewe. Nilikwenda ofisi ya mtaa kulalamika, nikajibiwa: "Kibao si ulikiona? Umeingia eneo la mtu." Mara moja nikageuka mvamizi. Niliomba nisomewe sheria ndogo za mbwa. Zinamtaja mbwa anayezurura barabarani. Aliye ndani ya uzio hayumo, kana kwamba uzio unamng'oa meno.

Ndugu Mkurugenzi, mimi si mwanasheria, lakini tangu siku ile nimesoma kidogo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inapozungumzia kuingia kwa jinai kwenye mali ya mtu, inatazama nia: aliyeingia isivyo halali ili atende kosa, atishe, atukane au audhi. Mtu aliyepiga hodi akajibiwa karibu haingii humo. Huku kwetu neno hodi lilikuwa linafanya kazi hiyo kabla hatujawa na mageti. Unapiga mara tatu; usipoitikiwa unaondoka; ukiitikiwa, wewe ni mgeni na mwenye nyumba anabeba dhamana yako. Hata mkopeshaji anayekuja kudai hupewa kiti.

Na kuhusu kibao, nadhani watu wamekigeuza kichwa chini miguu juu. Katika sheria ya Kiingereza tuliyoipokea mwaka 1920, mwenye mnyama wa kufugwa anayejua kwamba mnyama wake ana tabia ya kudhuru watu huwajibika kwa madhara yake, na ugumu wa kesi huwa ni kuthibitisha kwamba alijua. Mwenye nyumba wangu ameniandikia kwa rangi nyekundu kwamba alijua. Kakosea herufi moja tu.

Waingereza wenyewe walichelewa kulitengeneza hili. Walitunga Sheria ya Mbwa Hatari mwaka 1991, lakini ilikuwa na nguvu barabarani na sehemu nyingine ambazo watu wanaruhusiwa kufika. Kwa miaka zaidi ya 20, tarishi aliyeraruliwa kwenye bustani ya mtu alikuwa hana kesi ya jinai chini yake. Mwaka 2014, England na Wales wakaipanua hadi maeneo binafsi. Wakaacha mlango mmoja wa haki: mbwa akimuuma mtu anayeingia ndani ya nyumba kwa uvamizi, mwenye nyumba ana kinga. Ndani ya nyumba, nasisitiza. Bustani haimo.

Nakuomba sheria ndogo zetu ziandikwe kwa akili hiyo. Mamlaka ya kuzitunga mnayo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Njia ya kutoka getini hadi mlangoni au kwenye bomba, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, iwe salama kwa mwenye shughuli halali: msoma mita, mhudumu wa afya ya jamii, muuza mchicha, mtoto anayefuata mpira wake. Mwenye mbwa mkali amfunge au aweke kengele nje ya geti. Kibao kisimwondolee dhamana. Mbwa wake akiuma, alipe sindano zote, na cheti cha chanjo akitoe siku hiyohiyo, mke awe amesafiri au hajasafiri. Mwizi aliyeruka ukuta saa 8 usiku simtetei. Hao malizaneni nao huko.

Wapo watakaokushauri njia ya mkato ya risasi na sumu kwa mbwa wa mitaani. Usiwasikilize. Kinachozuia kichaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote, mwaka hadi mwaka, na ukimuua aliyechanjwa umejirudisha nyuma mwenyewe. Tena mbwa mkali wa getini mara nyingi tumemtengeneza sisi. Anafungwa mnyororo wa mita moja tangu mdogo, wengine humlisha pilipili wakiamini itamwongezea ukali, halafu siku mnyororo ukikatika tunashangaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Afisa mifugo wa kata akipita na daftari lake kwenye mageti yenye vibao tu, atakuwa na orodha ndani ya wiki moja, kwani wenyewe wameshajiandikisha ukutani.

Hata bili zimo humu. Nyumba ambazo mbwa hatuachii njia tunaziandikia makadirio, kisha wateja wanakuja juu kwamba tumewabambika.

Wiki iliyopita zamu yangu ilirudi mtaa uleule. Kibao kimepakwa rangi upya, na ile R imesahihishwa kuwa L. Nikapiga hodi nikiwa nimeshika geti kwa nje. Dada akaitikia kutoka uani, "Karibu, pita tu, kafungwa."

Nikaandika makadirio.

Wako,
Msoma mita