Sijashtakiwa, Mama

Leicester, Novemba 2023

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Kaka ameniambia kwamba tangu nilipomwandikia "nipo mahakamani, nitapiga jioni", hapo nyumbani hapakaliki, na Shangazi ameshasomesha dua. Tulieni jamani. Sina kesi na mtu. Nimeitwa niwe mmoja wa wale watu 12 wa mitaani wanaokalishwa mbele ya jaji, wakasikiliza kesi ya jinai mwanzo hadi mwisho, kisha wao ndio waseme mshtakiwa ana hatia au hana. Wenyewe wanaita juri.

Mtauliza wamenipataje, na pasipoti yangu bado ni ya Tanzania. Hapa Uingereza mtu wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi anaandikishwa kupiga kura, na majina ya juri yanachotwa humo humo kwenye daftari la wapiga kura, kwa bahati nasibu. Ukiwa na miaka 18 hadi 75 na umeishi huku miaka 5 au zaidi, barua inaweza kukuangukia. Tena haibembelezi: ukiipuuza bila sababu, faini yake inafika pauni 1,000.

Sasa ndiyo nije kwenye jambo linalowahusu, maana mwezi huu mmeona kimya changu.

Aliyeajiriwa akiitwa, waajiri wengi wanaendelea kumlipa, au angalau kazi anaikuta pale pale. Mimi nimejiajiri. Mwenye saluni hanilipi; mimi ndiye ninayemlipa yeye pango la kiti kila wiki, nikisuka nisisuke. Mahakama inafidia kipato ulichopoteza, lakini ina kikomo: kwa siku 10 za kwanza hawavuki pauni 64.95 kwa siku, hata kama wewe kwa kawaida unaingiza mara mbili ya hiyo. Na ni lazima uthibitishe, kwa ritani yako ya kodi au karatasi ya mhasibu. Najua Kaka ameshapiga hesabu akaona ni karibu laki mbili za kwetu, akasema huyu analia nini. Kichwa kimoja cha rasta ndogo ndogo hapa kinazidi hiyo, na humo sijatoa pango, nywele za kununua wala nauli.

Kinachouma zaidi ni nusu siku. Unafika asubuhi, mnasubiri kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti, halafu kabla ya adhuhuri anakuja mhudumu: leo hakuna kesi iliyo tayari, nendeni nyumbani. Ukikaa kwa muda wa saa nne au pungufu, kikomo kinashuka hadi pauni 32.47. Nami mteja wangu wa asubuhi nilishamwahirisha wiki iliyopita, ameshaenda kwa mwingine, na huyo mwingine naye anajua kusuka. Mteja wa nywele ukimpoteza Novemba, Krismasi humwoni.

Kwenye ukumbi ule tuliojiajiri tulitambuana bila kuulizana. Wengine walisoma vitabu, wakafuma sweta. Sisi tulikuwa na simu. Fundi bomba mmoja alikuwa amejibanza dirishani, anamnong'oneza mteja jinsi ya kufunga maji ya nyumba nzima mpaka yeye atoke saa kumi.

Ungeweza kukataa? Kaka ameniuliza hivyo. Unaweza kuomba kusogezewa mbele, mara moja tu, ndani ya miezi 12. Nilishaomba, barua ya kwanza ilikuja kwa Agosti, msimu wa harusi, ndipo wakanipa Novemba. Mwenye biashara ndogo anaweza pia kujieleza asamehewe kabisa, na baadhi husamehewa. Sikuomba, Mama. Nilimfikiria mshtakiwa. Ingekuwa mwanao ndiye amesimama kizimbani, ningependa wanaomwamua wawe wastaafu na watu wa mishahara peke yao? Hata hivyo bado naona si haki tuchangie kwa kukosa kodi ya nyumba.

Mwambie Baba Mkubwa nilimkumbuka sana. Yeye na mzee mwenzie wa baraza pale mahakama ya mwanzo walikuwa wanapiga kura pamoja na hakimu, wanajuana, na wanamjua mshtakiwa na babu yake. Huku wanataka usimjue mtu yeyote. Tuliingizwa zaidi ya 12, karani akachanganya kadi za majina kama anayegawa karata, akaita mmoja mmoja. Kabla ya kuapa nilimwomba mhudumu, mama mmoja wa joho jeusi, nikatie udhu. Hakushangaa hata kidogo. Akanipeleka chooni, akashika mlango, akaniletea Msahafu uliofungwa kwenye kitambaa bila yeye kuugusa. Niliapa sauti ikitetemeka.

Jaji anaeleza sheria, lakini chumbani kwetu haingii. Tunatakiwa tukubaliane wote. Ikishindikana kwa muda mrefu anaweza kukubali 10 kwa wawili. Adhabu ndiyo yake. Baba Mkubwa atapenda kujua tulibishana nini, na najua Shangazi naye amesogeza kiti. Basi hapo sisemi. Yanayosemwa mle chumbani ni kosa la jinai kuyatoa, hata kesi ikiisha, hata kwa mama mzazi. Hata kumtafuta mshtakiwa kwenye intaneti ni kosa, unaweza kufungwa hadi miaka miwili. Hata mfululize kunipigia, mtapata salamu tu.

Kesi yenyewe imekwisha, na fomu ya madai nimeshaiwasilisha. Jumamosi na Jumapili nilikuwa nasuka mpaka usiku, vidole vinawaka, maana mahakama haikai wikendi. Kwa hiyo ada ya Januari ya mdogo wetu nitaituma kwa awamu: nusu Ijumaa hii, nusu wakishanilipa. Kaka aende shuleni mapema azungumze na mhasibu, asingoje barua ya kumrudisha mtoto nyumbani. Na zile mbuzi, Mama, tafadhali usiuze. Mwenye saluni nimeshamalizana naye, na Desemba nafasi zangu zimeanza kujaa. Jana tu wamekuja dada wawili wanataka msuko wa "twende kilioni" kwa ajili ya harusi.

Nisalimie Baba Mkubwa, Shangazi na majirani wote. Kaka asiandike tena "dada yuko mahakamani" kwenye grupu la ukoo.

Mwanao akupendaye