Deni la hukumu limelipwa, ripoti ya mikopo bado inadai: tuanzie mlango gani?

Ndugu Mwanasheria,

Salaam kutoka Kibaigwa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, nakuandikia kwa niaba ya mama mmoja mkamuaji wa mafuta ya alizeti, aliyeniruhusu nieleze shauri lake bila kutaja jina. Deni lake la mahakamani alishalimaliza, lakini benki mbili za Dodoma mjini zimemnyima mkopo kwa sababu ripoti yake ya mikopo bado inasoma kwamba anadaiwa shilingi 36,000,000 na kwamba suala liko mahakamani. Mavuno ya alizeti yanaanza Mei. Asiponunua mzigo wakati huo, bei ikiwa bado chini, mashine italala hadi msimu mwingine.

Hukumu ni ya upande mmoja, ilitolewa na mahakama ya wilaya baada ya yeye kutofika. Tuzo, yaani amri ya mahakama inayotokana na hukumu hiyo, inasema alipe 36,000,000, riba ya asilimia 7 kwa mwaka kuanzia siku ya hukumu hadi malipo ya mwisho, na gharama za kesi. Alilipa kwa awamu nne za 9,000,000, moja kila baada ya miezi mitano, moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopeshaji. Awamu ya mwisho aliiweka mwezi wa 20 tangu hukumu. Jumla 36,000,000 kamili, wala si shilingi zaidi. Mkopeshaji akampa barua ya mistari mitatu: mteja hadaiwi chochote kuhusu mkopo namba fulani. Namba ya kesi haimo. Riba ya mahakama haikutajwa, gharama za kesi hazikutajwa.

Barua hiyo nimeisoma mara nyingi, na naamini tatizo lote limejificha humo. Tulipokwenda masjala kuomba kuona jalada, ukurasa wa mwisho ulikuwa tuzo yenyewe. Hakuna risiti, hakuna taarifa ya mdai, hakuna chochote baada yake. Kwa macho ya mahakama, mama huyu hajalipa hata senti. Amri ya 21, kanuni ya 2, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamtaka mshindi wa tuzo anayelipwa nje ya mahakama aijulishe mahakama malipo hayo. Asipofanya hivyo, mdaiwa mwenyewe anaweza kuomba mshindi aitwe aeleze kwa nini malipo yasiandikwe. Malipo ambayo hayakuandikwa, mahakama inayokaza hukumu, yaani inayoitekeleza, haiyatambui. Na kwa kuwa tuzo inaweza kukazwa ndani ya miaka 12, siku yoyote mkopeshaji huyu, au atakayerithi madeni yake, anaweza kumtuma dalali wa mahakama kukamata mashine ileile.

Sasa hesabu. Nikichukulia kwamba kila awamu ilipunguza deni la msingi, riba inakuwa 1,050,000 kwa miezi mitano ya kwanza, 787,500 kwa mitano iliyofuata, kisha 525,000, kisha 262,500. Jumla ni 2,625,000. Mkopeshaji akidai kwamba kila awamu ilianza kwanza kula riba, kiasi kitapanda. Na kama awamu zote hazitatambuliwa, riba inaendelea kutembea juu ya 36,000,000 nzima, yaani 210,000 kila mwezi hadi leo. Kwa hiyo kuna vitabu vitatu na kila kimoja kina jibu lake: kwa mkopeshaji ni sifuri, kwenye ripoti ni 36,000,000, mahakamani ni 36,000,000 pamoja na riba na gharama.

Upande wa ripoti, kampuni zenye leseni ya Benki Kuu kama Creditinfo na Dun & Bradstreet hazitungi deni. Zinaonyesha kilichopelekwa na mkopeshaji, ambacho hupitia kanzidata ya Benki Kuu, kwa hiyo silaumu upande huo. Tuliandika pingamizi tukaambatanisha barua na risiti nne. Jibu likawa kwamba marekebisho lazima yaletwe na mkopeshaji. Mkopeshaji naye anasema ofisa aliyeshughulikia ameshaondoka na kwao mkopo umefungwa. Kuna jambo jingine dogo ambalo lisipoangaliwa mapema litatusumbua: mkopo ulichukuliwa kwa kadi ya mpiga kura, kabla hajapata namba ya NIDA. Nina wasiwasi kwamba ana rekodi mbili, na malipo yakirekebishwa kwenye moja, deni litabaki kwenye nyingine. Kwa hiyo kila barua tunayoandika sasa inabeba namba zote mbili za kitambulisho, pamoja na namba ya mkopo na namba ya kesi.

Risiti zenyewe ni za karatasi ya mashine inayofutika kwa joto. Ya awamu ya pili imebaki kivuli tu, kiasi kinasomeka ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, tarehe haisomeki kabisa. Tumeomba benki taarifa ya akaunti yenye muhuri kwa kipindi chote cha malipo, na ndiyo tutakayoiambatanisha na kiapo badala ya kutegemea risiti.

Wapo waliomshauri aombe hukumu ya upande mmoja itenguliwe, eti ikifutika na ripoti itasafika. Mimi nimempinga. Siku 30 za kuomba kutengua zilishapita, angelazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku ya kuchelewa. Hata akifaulu, kesi inaanza upya juu ya deni ambalo kweli alidaiwa na ameshalilipa. Wapo pia vishoka wanaozunguka wakiahidi kufuta jina kwenye ripoti kwa laki tatu. Nimemsihi asiwape hata nakala ya kitambulisho.

Naomba ushauri wako katika mambo haya.

Je, tuanze na maombi ya Amri ya 21 ili mahakama iandike malipo, kisha tupeleke uamuzi wenye muhuri kwa mkopeshaji na kwenye kampuni za taarifa za mikopo? Au tumbane kwanza mkopeshaji kwa malalamiko ya maandishi, na asipojibu tuende dawati la malalamiko la Benki Kuu? Mimi naegemea mahakamani, kwa kuwa ripoti ikisafishwa huku tuzo iko hai, dalali bado anaweza kuja. Lakini msimu hausubiri, na ningependa kujua kama njia zote mbili zinaweza kwenda pamoja bila moja kuiharibu nyingine.

Pili, ile barua ya mistari mitatu inatosha kuwa ushahidi kwamba mkopeshaji alisamehe riba na gharama? Au tukiipeleka mahakamani tutakuwa tumemwamsha adai 2,625,000 na zaidi? Kama hatari hiyo ipo, je, ni heri kwanza tupate barua mpya inayotaja namba ya kesi, tarehe ya tuzo, kiasi kilichopokelewa, na maneno kwamba tuzo yote imetimizwa, riba na gharama zikiwemo? Kama unao mfano wa maneno yanayokubalika, tafadhali uuchapishe, kwani wengi hapa wilayani kwetu Kongwa wanashika barua za aina hii wakidhani wamemaliza.

Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo sahihi. Je, tunaweza kuitumia dhidi ya mkopeshaji anayekataa kupeleka marekebisho, na tarehe itakayoandikwa kwenye ripoti iwe ile ya malipo ya mwisho, si siku atakayoamua yeye kurekebisha?

Wako,
Msaidizi wa kisheria, Kibaigwa