Gari langu liliondoka mwenyeji, likarudi mgeni

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja aliandika kwamba Mkenya anayepakia gari lake la starehe melini ili akalitembeze Ulaya ana hela za kuchezea na hana wa kumshauri. Hakunitaja na hanijui, lakini hapa Nakuru sidhani kuna mwingine aliyefanya kituko hicho, kwa hiyo nimeyapokea maneno yake kama yangu. Nipe nafasi nimjibu, kisha nieleze jambo ambalo yeye hakuligusa na ambalo ndilo lililonitoa jasho.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mjane. Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, viti viwili, boneti ndefu kama mtumbwi, rangi ya chungwa iliyoanza kupauka kwenye paa. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Marehemu mume wangu aliyaona magari hayo yakipita akiwa mvulana wa shule, na tangu siku hiyo hakupona. Alilipata lake miaka mingi baadaye, bovu, akalijenga upya jioni baada ya jioni huku mimi nikisahihisha mitihani. Alikuwa na ahadi kwamba akistaafu tutalipeleka kwenye milima ya Alpi. Hakustaafu.

Hela zilitoka kwenye ng'ombe wanne wa gredi na akiba yangu ya sacco. Sikukopa, wala sikuchangisha harambee. Kama msomaji wenu anaona ng'ombe wangu walistahili kuuzwa kwa sababu nyingine, aje tuzungumze, chai ipo.

Binti yangu ni muuguzi mjini Bremen, Ujerumani, na yeye mwenyewe alinipinga. "Mama, huku magari ya kukodi yamejaa." Nikamwambia siji kuendesha gari, naja kuliendesha hili. Akanyamaza siku mbili, halafu akanitumia kwenye simu habari za meli ya Felicity Ace, iliyoshika moto mwaka 2022 katika Bahari ya Atlantiki ikazama karibu na visiwa vya Azores na magari yapatayo 4,000. Ndiyo namna yake ya kukubali.

Habari ile ilinisaidia, kwa sababu ilinipeleka kwa mtu wa bima na maswali. Nilijifunza sheria ya bahari ambayo sikuwahi kuisikia darasani: nahodha akilazimika kutosa baadhi ya shehena au kuiharibu ili aokoe meli, hasara hiyo hugawanywa kwa wenye mizigo wote, pamoja na yule ambaye mzigo wake haukuguswa. Gari lako linaweza kufika likiwa zima, na bado likazuiliwa bandarini mpaka ulipe fungu lako la hasara ya mwingine. Nikachukua bima inayobeba na hilo pia. Hapo sikubania.

Mwezi wa nne mwaka 2024 niliteremka nalo mwenyewe hadi Mombasa. Kufika Voi likaanza kukohoa. Kupita Mariakani likawa linapiga chafya kupitia kabureta kila nikikanyaga mafuta, na mshale wa joto ukapanda. Nikaegesha chini ya mwembe nikampigia fundi wangu wa mtaa wa Shabab, Nakuru. "Mwalimu," akasema, "hilo gari ni la Nakuru. Umelipeleka kwa hewa nzito." Nilicheka kwa aibu, maana hilo somo nimelifundisha miaka thelathini. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yetu ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Kabureta zilizopimwa hapa hupewa petroli kidogo ili ilingane na hewa yetu nyepesi. Ukishuka pwani hewa inakuwa nyingi, petroli inabaki ileile, na injini inashinda na njaa. Chini ya kila kabureta ya gari hili kuna nati. Ukiizungusha kuishusha, petroli inaongezeka. Nikalala chini na spana, gauni na yote, nikashusha nati zote mbili robo tatu ya mzunguko. Kikohozi kikaisha. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakinitazama walinipigia makofi.

Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35, na gari hili lina mita 1.63. Fanya hesabu: pande zote mbili hubaki kama sentimita 36, na milango ya 240Z ni mirefu, kwa hiyo haifunguki humo ndani. Kijana aliyeliingiza alilisogeza taratibu mpaka mwisho, akazima, akalitia gia, kisha akapanda juu ya viti na kutokea mlango wa nyuma kama paka anayetoka jikoni. Wakachomoa nyaya za betri, wakapigilia magogo sakafuni mbele na nyuma ya magurudumu, wakayafunga magurudumu yenyewe kwa mikanda. Petroli waliacha kidogo tu. Afisa akaja na karatasi zake, akaomba logbuku, yaani kitabu cha usajili wa gari, akanakili namba ya chasisi na namba ya injini, akagonga muhuri, akaondoka. Boneti hakuifungua. Niliona, na nilifurahi kwamba mambo yanakwenda haraka. Msomaji, shika hapo.

Safari ya baharini ilikuwa ndefu kwa sababu meli nyingi zilikuwa zinakwepa Bahari ya Shamu kutokana na mashambulizi ya Wahouthi, zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita mfereji wa Suez. Mwezi wa saba likatua bandari ya Bremerhaven, Ujerumani. Huko mgeni asiye mkazi wa Ulaya huruhusiwa kuingia na gari lake kwa matumizi yake binafsi hadi miezi sita bila ushuru, ilimradi aondoke nalo. Nilikuwa nimebeba ile Kadi ya Manjano ya COMESA, bima ya gari ya kuvukia mipaka tuliyozoea kwenda nayo Kampala, nikidhani itafaa kitu. Haifai chochote. Lazima ununue bima yao ya mpakani kabla tairi halijagusa barabara. Usiku wa kwanza tulibandika vibandiko kwenye taa za mbele, kwa sababu taa za gari la usukani wa kulia humulika upande wa kushoto, na kwao upande huo ni machoni mwa anayekuja.

Kuendesha upande wa kulia ukiwa umekaa kulia si kugumu, isipokuwa unapotaka kupita lori. Huoni mbele. Binti yangu, aliyekaa upande wa katikati ya barabara, ndiye aliyekuwa macho yangu: "Bado. Bado. Bado, Mama. Sasa!" Tulivuka nusu ya Ujerumani kwa maneno hayo matatu. Jambo jingine ni kwamba kwenye makutano madogo yasiyo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki, hata kama anatoka kichochoroni. Mara mbili nilipigiwa honi na vikongwe.

Nyuma ya gari nilibandika alama yetu ya kimataifa, EAK. Kila kituo cha mafuta mzee mmoja alikuja kuuliza hiyo ni nchi gani. Tukisema Kenya, wanatazama gari, wanatutazama, wanatazama tena namba. Mmoja alipiga magoti kuangalia chini kama anayenunua ng'ombe, akasimama akasema neno moja ambalo binti yangu alilitafsiri kuwa "halina kutu".

Kule Austria tulipanda barabara ya Grossglockner. Ilifunguliwa mwaka 1935, ina urefu wa kilomita 48 na kona kali 36, na sehemu ya juu inayopitika, Hochtor, iko mita 2,504. Tulilipa langoni tukaanza kukwea asubuhi, barabara ikiwa bado na ukungu. Kufika kona ya ishirini na kitu gari likawa zito, likinuka petroli, moshi mweusi nyuma. Binti yangu akaogopa. Mimi nilitabasamu, maana safari hii nilijua kabla ya kumpigia fundi. Tuliegesha mahali pa kutazamia mandhari, nikalala chini tena, nikapandisha nati zote mbili robo tatu ya mzunguko. Nikalirudisha Nakuru. Likanguruma kama mwenyewe alivyolizoea. Mzee mmoja Mwaustria akauliza kama tumeharibikiwa. Binti yangu akamjibu kwa Kijerumani kwamba gari lilifikiri bado liko baharini. Sehemu iliyobaki hadi Hochtor sikuiendesha kwa haraka. Nilikuwa na gia mkononi, barafu kwenye miamba, na sauti ile niliyoisikia jikoni kwangu miaka mingi ikitoka gereji. Baridi na wembamba wa hewa ulikuwa wa Timboroa kabisa, isipokuwa hapakuwa na mtu wa kuniuzia viazi.

Nimeyasema hayo ili msomaji wenu ajue hela zilikwenda wapi. Sasa shida.

Gari lilirudi Mombasa mwezi wa kumi na moja. Safari hii afisa mwingine, kijana makini, alifungua boneti. Akasoma namba iliyogongwa kwenye injini, akasoma logbuku, akatikisa kichwa. Injini ya 240Z ilitoka kiwandani ikiwa L24, lita 2.4. Namba ya injini hii ilianza na L28. Mume wangu aliibadilisha mwaka 1988 baada ya ile ya kwanza kupasuka, na kama wanaume wengi wa gereji za nyumbani, hakwenda kuandikisha. Karatasi niliyogongewa muhuri wakati wa kutoka ilisema L24, kwa sababu yule afisa wa kwanza alinakili logbuku bila kuangalia. Kwa hiyo, nikaambiwa, gari lililotoka si gari lililorudi. Hili ni gari kuukuu linaloingizwa nchini, na magari ya mitumba yaliyozidi miaka minane hayaruhusiwi kuingia Kenya. Hili lilikuwa na miaka 52.

Mhariri, nilisimama pale na kofia ya jua nikitazama kibandiko cha EAK.

Siku 23 gari lilikaa uwanjani, na ada ya kuhifadhi kontena haihesabu huzuni ya mtu. Wakala wangu wa forodha alisema tuandike barua, tukaandika. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine, ile nyingine ikaniuliza nani kanituma. Kilichoniokoa ni daftari. Mume wangu aliandika kila alichokifanya kwenye gari lile katika daftari la mraba la hesabu, la wanafunzi wangu, na ndani yake kulikuwa na risiti ya injini ya 1988 ikiwa na namba yake. Nilirudi Nakuru kwa basi la usiku kulifuata. Na kilichofungua mlango ni mama mmoja afisa, mtu mzima, aliyevaa miwani yake, akainama ndani ya boneti na tochi ya simu, akasoma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati lililo nyuma ya injini. Inaanza na HS30. Akailinganisha na karatasi ya kutoka, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti. Ni ileile. "Mama," akaniambia, "gari ni chasisi. Injini ni moyo wa kupandikizwa." Siku mbili baadaye nikalitoa, nikalipa ada zote za siku 23.

Kosa la kwanza lilikuwa la nyumbani kwangu, sikatai. Lakini kama yule aliyegonga muhuri wa kutoka angefungua boneti, tungelijua Mombasa kabla ya kontena kufungwa, na ningelirekebisha kwa juma moja nikiwa bado na usingizi wangu. Wakuu wanaohusika, fanyeni kuwa sharti: gari la Mkenya linapotoka kwa muda, namba zote mbili zisomwe kwenye chuma, si kwenye karatasi, zipigwe picha, na mwenye gari apewe nakala. Ni kazi ya dakika kumi. Nanyi wenye magari ya zamani hapa Nakuru, Eldoret na Kisumu, ambao najua mmebadilisha injini kimyakimya, nendeni mkaandikishe sasa, hata kama hamna mpango wa kuvuka Malaba.

Mimi nimekwishapeleka maombi ya kubadilisha logbuku. Na kwa msomaji wenu: nati nilizishusha tena Mombasa, na nimezipandisha jana hapa nyumbani. Robo tatu ya mzunguko. Anakaribishwa kusikiliza.

Mwalimu mstaafu,
Section 58, Nakuru