Williamson si almasi ya pinki tu

Mhariri,

Kila Mwadui, mgodi wa almasi ulioko Kishapu, Shinyanga, inapotajwa magazetini, husomwa habari za ile almasi ya pinki aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa mwaka 1947. Mimi niliyefundisha jiografia huku Shinyanga humkumbuka mjiolojia mwenyewe aliyeugundua mgodi huo. John Williamson, Mkanada mwenye shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha McGill, alihangaika Usukumani miaka kadhaa akichekecha mchanga, mfukoni hana kitu, hadi 1940 alipoupata mwamba wa kimbalaiti, yaani mwamba wenye almasi, wa Mwadui. Una eneo la hekta 146, jamani! De Beers, kampuni kubwa ya almasi, hakuwauzia mgodi wake mpaka alipofariki mwaka 1958, akiwa na miaka 50. Kaburi lake liko huko huko. Na Wasukuma waliochimba chini ya uongozi wake? Tumeni mwandishi Kishapu akawahoji wazee wachache waliobaki.

Mwalimu mstaafu,
Shinyanga