Jina la Mathare halikuanza 2013

Mhariri,

Mteja mmoja aliniletea suruali ya kupunguzwa kiuno, kaifunga kwa ukurasa wa gazeti lako. Usione vibaya, huku kwetu Mathare North gazeti likishasomwa lina kazi nyingine nyingi. Nikautandaza ule ukurasa nisome huku pasi ikishika moto, na hapo nikakuta mwandishi wako anasema eneobunge la Mathare lilizaliwa 2013, na kwamba kabla ya hapo hapajawahi kuwa na mbunge wa Mathare.

Mimi kura yangu ya kwanza niliipiga 1979, katika eneobunge lililoitwa Mathare. Nilikuwa na miaka 21, bibi harusi wa juzi juzi, mume wangu anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha bia pale Ruaraka. Mbunge wetu alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki. Alikuwa ameshika kiti hicho tangu 1963, wakati eneo likiitwa Nairobi Kaskazini Mashariki, na likaja kubatizwa Mathare yeye akiwa bado yumo. Alikuwa pia Waziri wa Mashauri ya Kigeni, kwa hiyo tulizoea kumsikia redioni akiwa nchi za watu kuliko kumwona Ruaraka. (Ile barabara ya Waiyaki Way si yake, ni ya Waiyaki wa Hinga, mzee wa ukoo wao. Wajukuu wangu hubishana na mimi juu ya hili.)

Miaka 20 kiti kimoja, mtu mmoja. Halafu 1983 uchaguzi ukaitishwa kabla ya wakati wake, na Andrew Ngumba akambwaga. Ngumba tulimjua, alikuwa meya wa jiji kuanzia 1977 hadi 1980, na mtaa wa Ngumba pale kando ya barabara ya Thika umebeba jina lake hadi leo. Lakini mwaka huohuo serikali ilivunja baraza la jiji, ikaweka Tume ya Jiji, na madiwani wakaenda nyumbani. Hawakurudi mpaka uchaguzi wa Desemba 1992. Vijana hawaniamini nikiwaambia kwamba tulikaa takriban miaka kumi Nairobi bila diwani hata mmoja tuliyemchagua wenyewe. Maji taka yakifurika mlangoni ulikuwa humjui wa kumfokea.

Ngumba naye hakumaliza kipindi. Mwaka wa 1986 aliondoka nchini, ukafanywa uchaguzi mdogo, na akaingia Dkt. Josephat Karanja, aliyekuwa zamani mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sasa mwandishi wako, ambaye nadhani ni kijana, angepata habari nzuri sana hapa kama angeuliza wazee. Mwaka wa 1988 mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, ulikuwa wa mlolongo. Hakuna debe, hakuna karatasi. Unasimama nyuma ya picha ya mtu wako uwanjani, mchana kweupe, unahesabiwa kama mbuzi, na anayepata zaidi ya asilimia 70 anapita bila kupingwa. Nilienda na kadi ya chama mkononi na mtoto mgongoni. Mwenye nyumba wetu alikuwa katika mstari wa pili. Akanitazama, nikamtazama. Hakusema neno. Jioni alibisha mlangoni akauliza mbona chumba kimoja kinawaka taa mbili. Zile taa zilikuwa zimewaka miaka mitatu bila kumuudhi mtu.

Hatukuwa peke yetu. Kwa jirani zetu wa Starehe, Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, mtu aliyeupinga mlolongo hadharani, alipoteza kiti mwaka huo.

Karanja alipita, na Machi hiyohiyo akateuliwa makamu wa rais. Hebu fikiria, Mhariri: makamu wa rais wa Kenya alikuwa mbunge wa Mathare! Tukajisemea, lami sasa itafika. Kabla lami haijafika, Aprili 1989, mbunge wa Embakasi, David Mwenje, akapeleka hoja bungeni ya kutokuwa na imani naye, na kufikia Mei alikuwa amejiuzulu. Tulisikia redioni kama watu wengine wote.

Uchaguzi wa vyama vingi uliporudi 1992, kiti chetu kilichukuliwa na FORD-Asili. Kufikia 1997 tayari tulikuwa tunaitwa Kasarani, akashinda Adolf Muchiri wa DP. Mwaka wa 2002 akaja William Omondi wa NARC. Mwaka wa 2007 Elizabeth Ongoro wa ODM. Ukianzia mlolongo wa 1988, hizo ni chaguzi kuu tano, wabunge watano, vyama vitano. Eneo lililomvumilia mtu mmoja miaka 20 likawa halimpi mtu kipindi cha pili.

Hili silijui kwa kusoma, nalijua kwa daftari la madeni. Mimi ni fundi wa nguo, na kila uchaguzi ni msimu wangu: kofia, vilemba, blauzi za akina mama wa kuimba mikutanoni. Mwaka mmoja, sitaji upi wala chama gani, wakala wa mgombea fulani aliniagiza blauzi 40. Kitambaa chake, uzi wangu. Alilipa arubuni, akaahidi salio siku ya kuchukua, na siku ya kuchukua ikawa siku ya pili baada ya kura, mtu wake ameshaanguka. Nilimngoja hadi Pasaka. Kumi nilizikata kuwa foronya. Mbili zilikuwa bado zinafuta meza ya cherehani juzi hapa, na ukiangalia vizuri alama ya chama bado inaonekana kidogo kwenye mshono. Tangu hapo mwanasiasa kwangu hulipa yote kabla sijaweka mkasi.

Ndipo ikaja mipaka ya 2012. Nairobi ikatoka maeneobunge manane hadi 17. Kasarani ikapasuliwa vipande vitatu: Roysambu, Kasarani na Ruaraka. Na jina la Mathare, ambalo lilikuwa limelala miaka yote hiyo, likaamshwa na kupewa watu wengine, wa Mlango Kubwa, Huruma, Mabatini, Ngei, Kiamaiko na Hospital, ambao sehemu yao kubwa walikuwa chini ya Starehe. Siwaonei wivu. Bonde la Mathare liko kwao, jina ni haki yao. Ila sisi tulioachwa huku, wadi yetu inaitwa Mathare North na iko Ruaraka. Yaani tumebaki na jina lakini si eneobunge, na eneobunge lina jina lakini si historia yetu.

Si mchezo wa maneno tu. Mwaka jana mtoto wa jirani yangu alibeba fomu ya basari hadi upande wa pili, kwa sababu fomu za shule zake zote zimeandikwa Mathare North, naye akaamini mbunge wake ni wa Mathare. Akapanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Alipofika dirishani akaambiwa, kwa haki kabisa, wewe ni wa Ruaraka. Alirudi kwa miguu.

Na angalia kilichotokea baada ya kukatwa. Huku Ruaraka, T.J. Kajwang' ameshinda 2013, 2017 na 2022, tumerudia tabia ya enzi za Waiyaki. Wenzetu waliobaki na jina la Kasarani wameendelea kubadilisha: John Chege, kisha Mercy Gakuya, kisha Ronald Karauri aliyeshinda bila chama. Hivi kile kisirani cha kuwaangusha wabunge kilikuwa cha nani, chetu au chao? Hilo ndilo swali ningependa mwandishi wako alifuate, lakini hawezi kulifuata akiamini kila kitu kilianza 2013.

Katiba, kifungu cha 89, inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Mara ya mwisho ilikuwa 2012, hesabu ifanye mwenyewe. Kwa hiyo kukatwa kwingine kunakuja, na majina yatahamishwa tena. Ombi langu kwa IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ni dogo: likitangazwa eneo jipya, pale penye jina liandikwe pia lilitoka wapi, wadi kwa wadi. Na ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi akitaka historia ya uchaguzi afuate ardhi na watu, asifuate jina. Na sahihisho likichapishwa, liwe na ukubwa uleule wa ile habari.

Yule wakala wa blauzi 40, kama bado yuko hai na anasoma gazeti hili, salio ni shilingi 2,400. Riba sidai. Zilizobaki nzima ni sita, saizi kubwa.

Fundi cherehani,
Mathare North, Nairobi