Kosa la tamthilia ya Anne si huzuni yake

Mhariri,

Kila likizo ya shule inapoingia, mabishano kuhusu tamthilia ya runinga iitwayo Anne with an E hufufuka katika nyumba nyingi hapa Kakamega, na kwa kuwa nimeyasikia nyumbani kwangu na katika kikundi chetu cha usomaji, naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni yangu. Tamthilia hiyo ilioneshwa nchini Kanada kati ya mwaka 2017 na 2019, na Netflix ikaisambaza duniani. Imetokana na riwaya ya L. M. Montgomery, Anne of Green Gables, iliyochapishwa mwaka 1908, inayosimulia habari za msichana yatima wa miaka 11 anayepelekwa kimakosa kwa Matthew na Marilla Cuthbert, kaka na dada wazee wenye shamba katika Kisiwa cha Prince Edward, ambao walikuwa wameagiza mvulana wa kuwasaidia kulima.

Watazamaji wa rika langu, hasa tuliosoma kitabu tukiwa shuleni, hulalamika kwamba waandaaji wameijaza hadithi machungu yasiyokuwamo. Vijana nao hujibu kwamba kitabu ndicho kilichotiwa sukari. Naona pande zote mbili zimekisoma kitabu kwa haraka. Katika riwaya, Anne anamsimulia Marilla, wakiwa kwenye gari la farasi, jinsi alivyoishi kwanza katika nyumba ya mlevi, kisha akawa yaya katika nyumba yenye watoto wanane, wakiwamo mapacha jozi tatu. Marilla anapomuuliza kama wanawake wa nyumba hizo walimtendea wema, mtoto anababaika, uso unamwiva, halafu anajibu kwamba walikusudia kumtendea wema. Yeyote aliyewahi kuishi na msichana aliyetolewa kijijini akiwa mdogo ili aje kulea watoto wa wenyewe anaijua sauti ya jibu hilo. Tamthilia ilipoonesha Anne akikumbuka vipigo, ilitoa hadharani jambo ambalo Montgomery aliliacha katika kubabaika kwa mtoto, na sioni kosa hapo.

Wala siwaungi mkono wanaochukizwa na wahusika walioongezwa. Sebastian, mtu mweusi kutoka Trinidad, na Ka'kwet, binti wa Mi'kmaq, jamii ya wenyeji wa asili wa Kanada, anayepelekwa katika shule ya bweni iliyokusudiwa kumsahaulisha lugha na watu wake, hawamo katika riwaya, lakini shule za namna hiyo zilikuwapo kweli, na serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi kwa ajili yake mwaka 2008. Kinachoniuma ni kwamba tamthilia ilisitishwa baada ya msimu wa tatu, na mara ya mwisho tunapowaona wazazi wa Ka'kwet wamepiga kambi nje ya shule wakimsubiri mtoto wao. Si haki kufungua kidonda kama hicho na kukiacha wazi.

Lalamiko langu kubwa, hata hivyo, liko kwingine, na nashangaa kwamba sijamsikia mtazamaji mwingine akilitaja. Katika riwaya, benki iliyoweka akiba yote ya familia inafilisika, Matthew anaisoma habari hiyo gazetini, na anaanguka mlangoni na kufa gazeti likiwa mkononi. Anne amerudi nyumbani kutoka chuo cha ualimu akiwa ameshinda ufadhili wa kwenda chuo kikuu. Macho ya Marilla yanaharibika na shamba liko karibu kuuzwa. Binti anauacha ufadhili ule, anaamua kufundisha shule ya karibu na kubaki na mama huyu aliyemlea. Tangu siku hiyo yeye si mtoto tena, na kila kilichotangulia, tangu keki iliyotiwa dawa ya kuchua hadi kibao cha kuandikia alichokivunja juu ya kichwa cha Gilbert, mwanafunzi mwenzake, kilikuwa kikielekea hapo.

Tamthilia ilikuwa na vipindi 27 na haikufika. Iliutumia mkasa wa fedha mapema, katika msimu wa kwanza: shamba linawekwa rehani, Matthew anakaribia kujitoa uhai, kisha familia inauza vitu na kupokea wapangaji, na mambo yanatengemaa. Msimu wa mwisho unamwacha Anne akianza chuo, akipewa mchoro wa sura ya mama yake na busu la Gilbert, huku Matthew na Marilla wote wakiwa hai. Nilifurahi pamoja naye, nakiri, lakini ni furaha ya mtu aliyepewa. Hakuna alichotakiwa kukiachilia. Watetezi watasema kwamba muda uliwaishia. Filamu ya runinga ya mwaka 1985, ambayo Megan Follows aliigiza kama Anne, ilifika hadi kifo cha Matthew na uamuzi wa Anne kwa saa tatu na kidogo tu.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi Kisumu, ananipinga vikali. Anasema mwisho wa riwaya unawafundisha wasichana kujinyima, na kwamba huku kwetu tayari wamejinyima vya kutosha. Hoja yake ina uzito. Namjua msichana wa jirani ambaye barua yake ya kuitwa chuo kikuu ilikaa kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na risiti za mbolea, kwa sababu baba yake aliugua wakati malipo ya miwa yamecheleweshwa. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Lakini tofauti iko hapo hapo: Marilla anamkataza Anne, anamwambia hawezi kukubali ajitoe hivyo kwa ajili yake, na Anne anashikilia kwamba ameamua mwenyewe, na kwamba ataendelea na masomo yake pale pale nyumbani. Kuonesha msichana wa shamba mwenye haki ya kuamua, hata anapoamua kubaki, kungewapa wasichana wetu jambo la kujadili na wazazi wao sebuleni.

Ninaandika haya pia kwa sababu ninatamani kuona riwaya zetu wenyewe za vijijini zikitengenezewa tamthilia. Nawaomba waandaaji wa Kenya watakaoifanya kazi hiyo wasome kwanza sura za mwisho, na kabla ya kuchagua waigizaji au mahali pa kupigia picha waamue jinsi watakavyozifikia. Na vituo vyetu vya runinga, kama vinaweza kupata kibali, vituoneshe ile filamu ya mwaka 1985 katika likizo ya Desemba, vijana wakiwa nyumbani, ili wenye kubishana wabishane wakiwa wameona zote mbili.

Mwalimu mstaafu,
Kakamega