Kwa nini rada yako inaonyesha boti mbili kama moja

"Fundi, rada imekufa." Ndivyo alivyotuanza nahodha mmoja. Usiku, nje ya Nungwi, alikuwa ameona kwa macho yake taa za boti mbili, lakini kwenye kioo likatokea doa moja tu, nene kama meli. Tukapanda chomboni, tukawasha, tukasubiri magnetroni, taa inayozalisha mawimbi ya rada, ipate moto, tukapima kila kitu. Rada ilikuwa nzima.

Malalamiko haya tunayapata sana, kwa hiyo tueleze picha ile inavyotengenezwa. Rada haipigi picha kama kamera. Antena hutupa mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi. Kitu kilicho umbali wa maili moja ya baharini hurudisha mwangwi baada ya maikrosekunde 12 hivi, na kutokana na muda huo rada hujua umbali. Upande hujulikana kwa pale antena ilipokuwa imeelekea. Antena huzunguka, kwa kawaida mara 24 kwa dakika, na mstari baada ya mstari duara hujaa.

Sasa, mwale wa antena ni kama wa tochi: ukienda mbali hutanuka. Kuba dogo (kifuniko chenye antena ndani) la sentimita 45, kama la nahodha yule, lina mwale wa nyuzi 5 hivi. Ukifika maili 3 mbele, upana wake unakaribia mita 500. Boti mbili zilizo sambamba, zimeachana mita 200, zote zimo ndani ya mwale mmoja, na kioo kitazichora doa moja. Dawa yake ni antena ndefu zaidi, au kusubiri mpaka uzikaribie.

Zikiwa moja mbele ya nyingine, tatizo ni urefu wa mpigo. Mpigo wa maikrosekunde 1 hauwezi kutenganisha vitu vilivyoachana chini ya mita 150, wa 0.08 hutenganisha hata kwa mita 12. Punguza maili za kioo, yaani umbali kinaouonyesha, na rada nyingi zitabadilisha mpigo zenyewe.

Lakini kinachotunyima usingizi ni kingine. Upepo wa kusi ukivuma, mawimbi ya bahari yaliyo karibu nawe hurudisha mwangwi na katikati ya kioo hujaa madoa. Nahodha hukerwa, akazungusha kitufe cha kuzima mawimbi mpaka kioo kinang'aa. Pamoja na mawimbi amefuta ngalawa. Mbao na tanga hurudisha mwangwi hafifu mno, na ndani ya ngalawa ile mna watu. Tafadhali, acha madoa machache yabaki. Ukiona doa linalorudi palepale kila mzunguko, hilo si wimbi.

Wenye ngalawa na mashua, tunawatengenezea viakisi vya bati za alumini zilizounganishwa kwa pembe mraba. Vining'inizwe juu mlingotini. Chini havisaidii kitu.

Kuba la rada lioshwe kwa maji baridi na sabuni laini, na lisipakwe rangi yenye madini, maana huzuia mawimbi ya redio.

Ukituita kwa matengenezo, tutenge saa moja ya kutoka nawe baharini. Vitufe hivi tunavirekebisha pamoja, wewe ukiwa umeshika usukani, kwa mawimbi ya siku hiyo.